Magamba ya Mtani Wangu

Mtani wangu alikuwa Mzaramo mzaliwa wa Tabora, muuza asali ya Sikonge pale Gongoni. Alikuwa na soriasisi: viwiko, magoti na kichwa, kote mabaka mekundu yenye magamba meupe. Mimi ni Mnyamwezi. Tangu enzi za misafara babu zetu walipeana ruhusa ya kutukanana, nami ruhusa hiyo niliitumia kuliko Wanyamwezi wote wakijumlishwa.

"Mtu wa pwani," nilimwambia mbele ya wateja, "samaki umemla, magamba mbona hukuyatema?"

Kicheko kilisikika mpaka Igunga. Naye hakukosa jibu: "Heri magamba, kuliko kichwa kilichoumbwa kubebea mizigo."

Siku moja alirudi kutoka kliniki akiwa mpole.

"Daktari anasema huu si ugonjwa wa ngozi tu. Kinga ya mwili inawaka bila adui, na moto huo unaunguza mishipa mpaka ya moyo. Nirudi wanipime presha, sukari na mafuta ya damu. Ni kweli, mtani?"

Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni. Nilipata D ya baiolojia, nikaitembeza mtaani kama kombe la dunia.

"Ngozi iko nje, moyo uko ndani, katikati kuna ukuta wa mbavu," nikasema. "Moto utapitia wapi? Una tiketi?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Kliniki hakurudi.

Mkewe akanifuata nyumbani. "Shemeji, anakusikiliza wewe. Mwambie aende."

Nikaahidi. Kesho yake nikamkuta na wateja sita, na wateja sita kwangu ni uwanja wa taifa. Nikatangaza kwamba mkewe anataka apimwe moyo ili ajue urithi unafika lini.

Haikupita miezi mingi, akashika kifua, akakaa chini kati ya ndoo za asali.

"Mtani, kifua."

Nikajua zamu yake ya utani imefika. "Kufa taratibu, usimwage asali!"

Tulicheka mpaka nilipoiona midomo yake imegeuka rangi ya majivu. Ndipo tukampakia kwenye bajaji.

Hakufa. Daktari alisema sehemu ya moyo ndiyo iliyokufa, mizigo asahau, ngazi asahau. Akauliza kwa nini hakurudi kupimwa. Mkewe alinitazama mimi.

Aliporuhusiwa, nilikwenda kwake na tusi langu bora kuliko yote. "Mzaramo! Hata kuzimu wamekukataa, wameogopa magamba!"

Sebule ilikuwa imejaa. Nikasubiri anirudishie.

"Ahsante, bwana. Karibu kiti."

Nikarusha la pili.

"Nashukuru kwa kuja kunijulia hali, bwana."

Wageni wakaanza kunikodolea macho. Tusi la utani lisipojibiwa hubaki tusi, na mimi nilikuwa nimemtukana mgonjwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Mkewe akaniwekea glasi ya maji, kisha akamgeukia binti yake.

"Mgeni akimaliza kunywa, msindikize mlangoni."