Goti Langu na Siku Kumi za Kambi

Watu wakisikia kwamba nalipwa fidia ya ulemavu wa jeshini, hungoja hadithi ya risasi. Sina. Lori letu lilipinduka mchana kweupe kwenye barabara mbovu, tukiwa tumebeba magunia ya maharagwe, na goti langu la kushoto likabaki chini ya mbao za ubavuni. Nikieleza hivyo naona uso wa msikilizaji ukipoa. Siku hizi sielezi tena, maana mtu huchoka kuomba msamaha kwa kutopigwa risasi.

Nilipostaafu nilipewa fidia ya kila mwezi, lakini jina langu likabaki kwenye orodha ya jeshi la akiba. Wakati ule goti lilikuwa bado na adabu, na daktari aliyenipima aliona naweza kazi nyepesi. Kila mwaka tuliitwa kambini, nje kidogo ya Kisumu, kwa siku kumi za mazoezi. Sheria ilikuwa kwamba huwezi kula huku na huku: kwa siku zile za sare fidia husimamishwa, nawe unatia sahihi kwamba umekubali. Wengi wenye majeraha walikataa, wakabaki na fidia yao nyumbani. Mimi nilitia sahihi kabla karani hajamaliza kunieleza.

Nitasema sababu yake bila kuzunguka. Mke wangu alikuwa amefariki. Watoto wako Nairobi, na hunipigia simu Jumapili huku wakifanya jambo jingine. Katika chumba changu cha kupanga mtaani Mamboleo, sauti pekee ya binadamu ilikuwa ya redio. Kambini nilikuwa na kitanda cha chuma, na katika kitanda cha pili mtu alikuwa akikoroma. Kwa siku kumi kulikuwa na mtu ambaye angejua kama sikuamka. Nilikuwa mpweke, na siku hizo zilinitosha kusukuma mwaka.

Yule mkoromaji alikuwa koplo mstaafu anayenunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Usenge na kuuza mjini. Begi lake lilinuka omena kuanzia langoni, nasi tulimtania kwamba adui hatahitaji darubini, pua itamtosha. Yeye peke yake alijua hali halisi ya goti langu, ingawa hatukuwahi kulizungumzia, na kila mwaka lilikuwa likizidi kuharibika. Katika mbio za asubuhi, nikianza kuburuta mguu, aliinama kufunga kamba ya kiatu, nami nikasimama kumngoja kama rafiki mwema, nikipata kupumua. Alifunga viatu mara nne kila mzunguko. Mkufunzi alimwadhibu kufagia uwanja kwa kuwa mtu mzima asiyejua kufunga viatu, naye akafagia.

Mwaka jana mambo yakagongana. Kipimo changu cha fidia na kile cha jeshi la akiba vilipangwa asubuhi moja, siku ya kuripoti kambini, mbele ya daktari mmoja. Miaka yote faili zangu mbili zilikuwa zimekaa katika ofisi mbili, kila moja ikiamini mambo yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikificha goti mbele ya watu walewale wanaonilipa kwa sababu yake.

Daktari alikuwa kapteni, mwanamke wa umri wa binti yangu. Aliniuliza goti liko vipi. Hapo nikafanya kosa ambalo ni askari tu anayeweza kulifanya. Raia akiulizwa na daktari, hueleza maumivu yake na kuongeza ya jirani. Askari akiulizwa na mtu mwenye nyota mabegani, hubana mikono ubavuni na mdomo hujibu wenyewe. "Niko sawa, afande."

Aliziweka faili mbili kando kwa kando, akanisomea zote. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba haziwezi kuwa kweli pamoja. Kama niko sawa, fidia inakoma. Kama siko sawa, jina langu linatoka kwenye orodha ya akiba leo hii. Nikamwambia wachukue fidia. Nadhani hakuwa amezoea kuombwa hivyo. Akaniambia nichuchumae.

Kuchuchumaa niliweza, kwa sababu mwili hushuka wenyewe. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nilijikaza kisabuni, nikashika mguu wa meza, meza ikasogea, mimi nikabaki palepale nikitokwa jasho. Kapteni hakunikemea. Alizunguka meza, akanishika kwapani, akaniinua na kunikalisha kwenye kiti. Kisha akachukua kalamu, akaniuliza swali lililomo kwenye fomu ya fidia.

"Nyumbani nani hukuinua, mzee?"

"Hakuna, afande."

Akaandika. Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ndiyo sababu hasa asinitoe kwenye orodha, lakini fomu haikuuliza hilo, nami nikashukuru na kutoka.

Koplo alinibebea begi hadi langoni. Alisema atanitembelea siku atakayoleta omena mjini, nikamwambia karibu sana. Sote wawili tulijua kwamba mwenye omena hana muda wa kutembelea watu.

Pale plotini, kwa wapangaji wenzangu, nilikuwa nimejigamba kwamba naenda kambini. Nilikuwa nimemwomba jirani yangu, mama anayekaanga samaki karibu na lango, aniangalizie mlango kwa siku kumi. Nilirudi siku ileile saa ambayo huwa ameenda kuchukua samaki, nikaingia, nikafunga pazia. Sikuwa na nguvu za kumweleza mtu yeyote. Nilikula mkate na chai ya rangi, nikaacha redio imezimwa, na nikiwa kitini nilisikiliza watu wakiishi. Watoto walienda shule na kurudi, mtu alifua, mtu alicheka. Hakuna aliyetaja jina langu, na mbona wangelitaja, nilikuwa kambini. Hiyo iliniuma kuliko goti.

Siku ya nne kidumu changu cha mwisho cha maji kiliisha. Nilikuwa nimekaa nikikitazama niliposikia ndara za yule mama zikija mpaka dirishani. Hakubisha. Alizungumza kwa sauti yake ya kuuzia samaki.

"Afande, huko kambini maji iko? Hapa mfereji inafungwa saa sita."

Nikasikia kidumu kitupu kikiwekwa chini, na ndara hazikuondoka.

"Haiko, mama," nikasema. "Lakini ngoja. Kuinuka kwangu kunachukua muda."

Nikamsikia akiketi juu ya kidumu.