Shuka la Bluu Nililolipeleka Ofisi ya Maji

Hiki ninachowaambia mtanicheka, na mkinicheka haki mnayo.

Mashuka yangu yalianza kutoboka yenyewe.

Sisemi kuchanika. Kutoboka. Na kila shuka linatoboka palepale: penye kisigino, penye nyonga, penye bega. Ukiyapanga moja juu ya jingine, matundu yanaangaliana kama madirisha ya ghorofa.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililisikia kwa majirani. Ila kwenye viatu hunidanganyi. Mtu akileta soli imeisha upande mmoja, analaumu kiwanda, mimi namwambia: kiatu hakina kosa, tazama unavyokanyaga.

Mshike hayo maneno. Yatanirudia.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Aliniachia sanduku la mashuka aliyoyapinda kingo kwa mkono wake, mshono mdogo mdogo kama nyayo za sisimizi. Wengine huachiwa nyumba, wengine huachiwa kesi. Mimi niliachiwa mashuka, na nilikuwa nayaona yananifia moja moja.

Kwanza nikasema ni panya.

Nikatega mtego kitandani. Ndiyo, kitandani, chini ya blanketi, upande wa miguuni. Halafu nikapanda kulala. Mwenye akili ameshajua ulimnasa nani. Wiki nzima wateja walikuwa wakiniuliza, fundi viatu, mbona umevaa kiatu kimoja?

Panya alipoonekana hana hatia, nikajua mhalifu ni nani.

Maji.

Maji ya bomba ya kwetu yananuka dawa. Ukijaza beseni, macho yanawasha. Na dawa nani anatia? Wakubwa. Mimi na wakubwa hatuivi chungu kimoja. Barabara wanaichimba leo, wanaifukia mwakani. Mke wangu alipolazwa, lifti ya hospitali ilikuwa mbovu, tukampandisha ngazi kwenye kiti cha plastiki, na pale ukutani kuna picha ya mkubwa mmoja anatabasamu. Tangu siku ile, hata nikijikwaa kwenye jiwe nauliza nani aliliidhinisha.

Jirani yangu tunamwita Kipaza, maana akinong'ona mtaa mzima unaitikia. Yeye ndiye aliyenitia moto.

"Fundi, maji haya yanakula mabomba ya chuma. Yatashindwa na shuka?"

"Ndicho ninachosema."

"Basi nenda ukatusemee. Wewe huogopi mtu."

Kichwa changu kikavimba kuliko kile kidole kilichonaswa na mtego.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejaribu kuniokoa: shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alinikuta uani nimeinamia beseni. Shuka nilikuwa nimelilowesha kwenye dawa ya madoa tangu jana yake, sabuni ya unga nimeimwaga kama namwaga saruji, na sasa nalisugua kwa brashi. Brashi ya viatu. Mpya lakini.

"Shemeji, hapo unafua au unaua?"

"Natoa madoa."

"Madoa yako wapi? Mimi naona unatoa shuka."

Akaliinua, likadondosha povu hadi kwenye viatu vyake.

"Dawa hii ni ya mashuka meupe, tena kifuniko kimoja, unatia, unasuuza. Hili hata si jeupe. Na ukikamua, usilinyonge, halijakukosea. Halafu unaanika juu ya bati, saa sita mchana? Unalikausha au unalichoma?"

"Ubaya uko kwenye maji," nikamwambia.

"Haya. Na huwa unaligeuza?"

"Naligeuza nini, kwani ni godoro?"

Akanitazama. Akalirudisha shuka kwenye beseni.

"Nimenyamaza mimi. Siku ukitaka kuuliza, kwangu unapajua."

Sikuuliza. Mtu wa darasa la nne nina majibu tu, maswali niliwaachia waliofika la tano.

Basi yakaisha yote, likabaki moja. La bluu, lenye maua meupe kwenye upindo. Lile alilishona akiwa ameshaanza kuumwa, na mwishoni mshono umekwenda upogo kidogo, mkono ulikuwa umechoka. Nililipenda kwa ule upogo. Nilikuwa nimelificha chini kabisa ya sanduku, nikalitandika pale tu nilipobaki sina jingine. Nikajiambia, hili likiondoka, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Asubuhi moja naamka, kisigino changu kimetokea upande wa pili wa shuka. Kinachungulia godoro.

Hata chai sikunywa. Nikalivuta shuka kitandani, nikalitupia begani kama mtu anayekwenda kuoga, nikambishia Kipaza mlango.

"Leo ni leo," nikamwambia.

Njiani shemeji akatuona, akaacha ndoo yake bombani, akatufuata.

"Mnakwenda wapi na kitanda cha dada yangu?"

"Kwa wakubwa."

"Mungu wangu. Ngoja basi nije, asije akakosekana mtu wa kuwarudisha nyumbani."

Ofisi ya maji ina viti vya kusubiria vilivyopasuka na feni inayozunguka kwa hisani tu. Karani akasema meneja yuko kikaoni. Kipaza akamjibu, "Tutamsubiri," kwa sauti yake ile ile, na meneja akatoka kikaoni mwenyewe kuja kuona kumetokea nini.

Alipotokea, nilianza kumwona kwa miguu. Ni ugonjwa wa kazi. Viatu vyeusi, kisigino kirefu kiasi, soli ya kulia nimeiweka mimi.

"Fundi," akasema, "kumbe ni wewe. Kuna nini?"

Sikutaka urafiki. Nikamwaga hotuba. Nilisema maji yao ni sumu. Nilisema wanakaa kwenye feni huku wananchi tunalala kwenye nyavu. Nilisema mke wangu hakuacha dhahabu, aliacha mashuka, na wao wameyala yote, na hili ndilo la mwisho. Sauti ilinikatika kidogo hapo, nikakohoa ili ionekane ni vumbi.

Kipaza akapiga makofi. Alikuwa peke yake.

"Nionyeshe," meneja akasema.

Nikampa Kipaza pembe mbili, shemeji pembe moja, mimi pembe moja. Tukalitandaza pale katikati ya ofisi, tukalivuta likanyooka, mwanga wa dirishani ukapita.

Ndipo nikaliona.

Tangu mke wangu afariki, sikuwa nimewahi kulitazama shuka lote kwa pamoja. Nilikuwa natazama matundu tu.

Nusu moja ilikuwa imechakaa, imepauka, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisigino, nyonga, bega, kama mtu amechorwa. Ilibaki kichwa tu, ungenitambua.

Na ile nusu nyingine ilikuwa mpya. Bluu yake imepoa kidogo kwa ile dawa yangu, lakini nzito, imara, uzi wote upo. Kama imetoka dukani juzi.

Meneja akalizunguka taratibu. Ko, ko, ko. Akasimama upande mzima, akaushika kwa vidole.

"Fundi. Huu upande unaufulia maji gani?"

Nikajifanya nanyoosha pembe yangu.

"Maana ukifua, shuka lote linaingia kwenye beseni. Au nakosea?"

Kipaza akashusha pembe zake kidogo, kama mtu anayekumbuka ana safari.

"Nilipokuletea hiki kiatu," meneja akasema, "nikakwambia wameniuzia kibovu, kimeisha upande mmoja. Uliniambia nini?"

Nikaitazama ile soli ya kulia.

"Alimwambia kiatu hakina kosa, atazame anavyokanyaga," shemeji akasema. "Huwa anamwambia kila mtu."

Karani akaingiza kichwa kwenye droo, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Meneja yeye hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kujua lakini anataka kuhakikisha:

"Upande huu analala nani?"

"Halali mtu."

"Kitanda chote kikubwa hivi. Mbona husogei?"

Niwaambie ukweli, nilikuwa na majibu ya kila kitu. Ya barabara, ya lifti, ya picha ukutani. Hili halikuwa na jibu la hasira, na mimi majibu ya namna nyingine sina.

"Pana mwenyewe," nikasema.

Karani akatoa kichwa kwenye droo. Hakuwa anacheka tena.

Meneja akashika pembe ya shuka, akamsaidia shemeji kulikunja, kwa utaratibu, pembe kwa pembe, wala hawakusemeshana. Alipomaliza akanipa kwa mikono miwili.

"Ile harufu ya maji ni kweli," akasema. "Mabomba yana matatizo. Lalamikia harufu, fundi, nitakusikiliza. Ila shuka, hapana, si sisi."

Nimewalaumu wakubwa tangu nimeota ndevu. Siku moja tu wamepatikana hawana kosa, na siku hiyo ndiyo niliyokwenda na ushahidi.

Tukatoka. Kipaza akasema anapitia mahali. Alisema kwa sauti ya kawaida, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nyumbani, nikamuuliza shemeji lile swali nililokuwa nalikimbia.

"Uliposema kugeuza, ulimaanisha nini?"

Akanipeleka chumbani. Akalitandika shuka kama ninavyolitandika mimi, kisha akalivua, akalizungusha: upande wa kichwani ukaenda miguuni, wa miguuni ukaja kichwani. Nikaona kwa macho yangu nusu nzima inahamia upande wangu, na nusu iliyokufa inakwenda upande wa mwenyewe. Lile tundu la kisigino likatua pale panapokaa mto wake.

"Kila likitoka kufuliwa, unaligeuza hivi," akasema. "Linaisha sawasawa pande zote, linadumu mara mbili. Mto hausugui, kwa hiyo palipochoka panapumzika. Dada alikuwa anafanya hivi tangu mlipooana. Hukuwahi kumwona?"

Sikuwahi. Mimi nilikuwa nalikuta limetandikwa.

"Alikuwa anasema visigino vyako ni msasa. Anasema, 'Mume wangu anakula shuka kuliko panya, acha miguu yake niifunike kwa mto wangu.' Tulikuwa tunacheka hadi tunashika mbavu."

"Mlikuwa mnanisema?"

"Kila Ijumaa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Upande wangu.

Miaka yote hiyo nilijisifu kwamba nyumbani kwangu mashuka hayachakai. Niliwahi hata kumwambia Kipaza ni kwa sababu mimi nalala kwa utulivu. Kumbe kila nilipolimaliza shuka, mwenzangu alikuwa anachukua pale nilipopamaliza, anapalalia yeye, na kunisogezea mimi palipo pazima. Halafu asubuhi anatandika na kunyamaza.

Na mimi nikaenda kutafuta mwizi ofisi ya maji.

Yale matundu niliyatia viraka mwenyewe, siku ile ile. Cha kwanza nilikishona kwa uzi wa viatu. Shemeji akakipapasa, akaniuliza kama nitaweka na soli. Nikakifumua, nikashona upya kwa uzi mwembamba. Mshono wangu umekwenda upogo, tena kuliko ule wa marehemu, lakini yote miwili iko kwenye shuka moja.

Sasa hivi nafua kwa sabuni kidogo, nasuuza mpaka maji yawe meupe, naanika kivulini, na dawa ya madoa nimempa shemeji asafishie sakafu. Visigino navisugua kwa jiwe kila jioni. Wateja wanasema nimebadilika, nina miguu ya bwana harusi.

Na barua ya harufu ya maji nimepeleka. Hadi leo sijajibiwa. Kwa hiyo msidhani nimepatana na wakubwa.

Kama kuna cha kubeba kwenye ujinga wangu huu, bebeni hiki: kabla hujaenda kumkamata mtu kwa ajili ya tundu, kunjua shuka lote ulitazame. Na kama shuka lako halichakai, usijisifu. Muulize anayelitandika.

Mimi nikifua, nageuza. Nimeanza kulala juu ya nusu yake ya shuka, ile nzima, na nusu yangu ya zamani nimeiacha ipumzike upande wake wa kitanda.

Katikati ya kitanda bado sijafika. Msinisukume.