Koti la Baba na Kifungo Cheupe

Enzi zetu pale Chanji, Julai ikifika hatukubembelezwa kuvaa sweta. Asiyevaa alijijua mwenyewe. Tuliamka tukiona pumzi zetu, tukaenda shule na viazi vya moto mfukoni, vya kupashia mikono kwanza, kula baadaye. Watoto wa siku hizi wakiona wingu tu wanaomba chai ya maziwa na blanketi, halafu wanasema Sumbawanga kuna baridi. Baridi wameijulia wapi?

Nilikuwa darasa la nne lilipokuja igizo. Si ngonjera zetu za shule, bali lile igizo la nyimbo, la mfalme aliyepiga marufuku kuimba na binti mfinyanzi aliyemkaidi. Nyimbo zake tulizijua zote kutoka redioni. Mama zetu walizitwangia mahindi, sisi tukazirukia kamba. Kuwaona waimbaji wenyewe, wamekuja na lori kutoka Dar es Salaam mpaka ukumbi wetu wa kanisa, lilikuwa jambo la mtu kuoga mara mbili.

Baba alikuwa amekwenda shambani Mwimbi, kwa hiyo Mama akavaa koti lake. Hilo koti lazima niwaeleze. Lilikuwa jeusi, zito, la kanisani na misibani, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulitundika isipokuwa Baba mwenyewe. Kifungo chake cha pili kutoka juu kilipotea, Mama akashona kingine cheupe alichokitoa kwenye gauni lake la harusi.

"Hakifanani na wenzake," Baba alisema.

"Lakini hakitadondoka," Mama akamjibu. "Nimezungusha uzi mara nne."

Igizo lilianza saa nane mchana. Mfalme akatokea na shuka jembamba begani, maana sanduku la mavazi yake lilikuwa limesahaulika Tunduma. Alitakiwa atutishe. Badala yake meno yaligongana, sauti ikatetemeka, na watu wakaanza kumcheka. Wakati wa mapumziko Mama alinyanyuka akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kitenge tu mabegani. Sehemu ya pili mfalme alitoka amevaa koti la Baba, na alipofungua kinywa nilihisi benchi linatikisika. Ukumbi mzima uliimba naye. Sijapata tena kujivuna vile.

Walikubaliana koti lirudishwe asubuhi, maana usiku kulikuwa na onyesho jingine. Asubuhi tulipokwenda, lori lilikuwa limeshaondoka kuelekea Mpanda, na koti ndani.

Baba aliporudi aliuliza swali moja. Mama akapiga magoti, akasema, "Nilimpa mfalme." Siku tatu Baba alikula akiwa ametugeuzia mgongo. Siku ya nne, katikati ya ugali wa ulezi na maharage, akaanza kucheka peke yake. "Basi," akasema. "Koti liko ziarani." Miaka yote watu wakimuuliza alijibu hivyohivyo. Lakini Mama hakucheka. Alimnunulia jingine la mtumba, zuri kuliko lile, na bado kila Julai alisema, "Nilimvua mume wangu nikamvisha mtu nisiyemjua." Alikwenda kaburini na maneno hayo.

Julai hii igizo limerudi, na kizazi kingine cha waimbaji. Nikampeleka Baba, yeye na fimbo yake. Vijana waliokaa mbele yetu walinyanyua simu mpaka jukwaa hatukuliona; wanarekodi nyimbo, hawaziimbi. Sisi tusiorekodi chochote tunazo zote kichwani hadi leo. Kisha mfalme akatokea. Koti jeusi, zito, jipya kabisa, na kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cheupe.

"Oya, fundi kachemka kifungo," kijana mmoja alimwambia mshikaji wake.

"Hajachemka, mjukuu wangu," Baba akasema kwa sauti. "Kile ni cha mke wangu."

Igizo lilipokwisha tulimfuata mfalme, kumbe kijana mdogo tu. Alituamkia shikamoo, nami nikamuuliza habari ya kifungo.

"Hata sijui, mama. Koti la kwanza lilichakaa, wakashona jingine kama lile, na jingine tena. Kila mfalme tangu zamani anavaa hivi. Mwalimu wetu anasema bila hicho kifungo mfalme haimbi."

Baba alikishika kile kifungo kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga. "Angekuwepo akaona," alisema. Kisha akakivuta kidogo, kikalegea. "Hiki kitadondoka. Tafuteni sindano."

Macho yake hayalioni tena tundu la sindano, kwa hiyo nilishona mimi. Nje basi lao lilikuwa linaunguruma, dereva akipiga honi, lakini safari hii hakuna aliyeondoka. Baba alisimama na fimbo yake akihesabu uzi unavyozunguka. Moja. Mbili. Tatu. Nikataka kukata, akanishika mkono.

"Bado mmoja," alisema. "Mama yako alizungusha mara nne."