Mguu wa Mdogo Wangu na Juisi ya Boksi

Aliyechora embe kwenye lile boksi la juisi namlaumu mpaka leo. Embe limekatwa, linachuruzika, ukilitazama mate yanakutoka. Namlaumu na mwenye duka wa hapa kwetu Mkolani, anayepanga maboksi hayo mlangoni na kuwaambia watu, "Mgonjwa mpelekee hii, ni matunda matupu." Mimi ugonjwa wa sukari umenichukulia vidole viwili vya mguu. Nilipolazwa, kila aliyekuja kunipa pole alikuja na boksi, nami nikanywa. Cha mgeni unakikataaje?

Nesi mmoja ndiye aliyeligeuza boksi, akaniambia wanachokiweka kwa wingi ndicho wanachokiandika kwanza. Nikasoma. Maji. Sukari. Halafu vya kutia uchachu, rangi, ladha. Embe lenyewe wamelisukumia mwishoni. Niliishia darasa la nne, lakini sukari naisoma, hata waiandike kwa Kiingereza.

Mwaka huu akalazwa mdogo wangu, ugonjwa ule ule, na kidonda kisiginoni. Daktari akasema wazi, sukari isiposhuka mguu utakatwa. Nikawa nampelekea samaki, sato wa kuchemsha, na mchicha, chakula ninachokijua kilikotoka.

Jumapili, misa ilipokwisha, akina mama wa jumuiya wakaingia wodini na maboksi yao.

"Pole sana baba. Tumekuletea juisi upate nguvu."

"Geuza nyuma usome," nikamwambia kiongozi wao.

"Mama, tumekuja kumwombea mgonjwa, hatujaja kufanya mtihani."

Wenzake wakacheka. Basi nikasoma mwenyewe, kwa sauti, wodi nzima isikie. "Maji, sukari! Embe liko wapi hapa? Mmemletea sukari ya kukorogwa!"

Mke wa mdogo wangu akanivuta kitenge. "Wifi, unatuaibisha. Watu wametoa walichonacho."

"Na mguu utautoa wewe?"

Mdogo wangu alikuwa amekauka midomo, ile kiu ya sukari naijua. Akanyoosha mkono. "Dada, funda moja tu."

Nikampa maji. Akayanywa akiangalia ukuta, kisha akanipa mgongo.

Maboksi nikawarudishia mikononi, moja moja. Mmoja wao, ameshafika mlangoni, akasema, "Ndiyo maana alikatwa vidole. Roho mbaya."

Nilisikia. Nikabaki kando ya kitanda, maana ningemfuata ningempiga.

Mguu haukukatwa. Wanasema ni maombi. Sawa, na yawe maombi. Lakini wale akina mama nikikutana nao sokoni wanageukia nyanya, na wifi yangu anasimulia kila nyumba kwamba nilimnyima mumewe juisi akiwa kitandani. Nilimnyima, ndiyo, na kesho nitamnyima tena.

Juzi mdogo wangu kaja kwangu kwa miguu yake yote miwili. Asante hakusema. Kauliza kama kuna ugali. Nikasonga.