Kopo la bati kwenye msumari: Rumonge, 1972

Saa tatu kasorobo asubuhi, mwezi Mei 1972, watu wanne waliingia kibarazani kwetu Rumonge wakamwambia baba avae viatu.

Salamu wakuu. Humu nimesoma miaka mingi kuliko nilivyoandika. Leo naandika kwa sababu ya ule uzi wa juzi wa "kabila fulani wako hivi, kabila fulani wako vile", ambao wengi mliuchekea.

Nilichokiona nitasema nilikiona. Nilichosikia nitasema nilisikia. Majina nimebadilisha, na ofisi sitaitaja.

(Mimi ni mama wa watu, ila hilo "mkuu" nimelizoea. Endeleeni tu.)

Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, mjukuu wa mtu aliyetoka Ujiji enzi za Wajerumani. Sisi tulizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, nchi ya Warundi. Uhuru ulitukuta pale, nikapunga kibendera cha karatasi kama watoto wengine.

Lakini tuliitwa Waswahili. Kwa watu wa milimani neno hilo lilikuwa na maana ya mjanja, mwongo, mtu wa mdomo.

Sisi nasi tuliwaita watu wa mlimani. Maana yake: wachafu na walevi. Tulikuwa sare.

Kibarazani palikuwa na mtungi wa maji kwa ajili ya wateja. Watu wa mtaani walikunywa kwa kikombe cha enameli. Watu wa mlimani walikunywa kwa kopo la bati lililoning'inia kwenye msumari, peke yake.

Kulisugua kwa majivu ilikuwa kazi yangu. Nililisugua vizuri. Tena mbele yao.

Sasa mzee mmoja, nimwite Bukuru. Alikuwa na michikichi mlimani, mteja wetu wa miaka mingi. Miaka miwili kabla ya hayo alimwoza binti yake. Nguo alishona baba, na sisi tukaalikwa.

Huko, chungu cha pombe ya ndizi huwekwa katikati. Mwenyeji anavuta kwanza kwa mrija, wenyewe wanauita umuheha, ili wageni waone hamna sumu. Kisha mrija unazunguka.

Ulipofika kwa baba, alijivuta nyuma akaziba mdomo kwa pindo la kanzu.

Kwa dini yake alikuwa sahihi. Hapo sibishani na mtu. Ila nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona: "Anaogopa sumu. Anayeogopa sumu ni yule anayeijua."

Hadi masika yaliyofuata, neno lilikuwa kwamba fundi anatia dawa kwenye nguo. Baadaye wakawa mafundi wote. Mwishowe, Waswahili wote ni walozi. Hakuna aliyekufa kwa kuvaa nguo ya baba. Hakuna aliyeuliza pia.

Vurugu za 1972 zilipoanza upande wetu wa ziwa, ilisemwa kwamba walioshambulia walikuwa wanaongea Kiswahili. Serikali ilipoanza kukamata watu, Kiswahili tuliongea na sisi. Basi.

Wale wanne walipomchukua baba, nilimfuata hadi kwenye ile ofisi nisiyoitaja. Nilikuwa na miaka ishirini. Mkubwa wao, waliyemwita shefu, aliniambia: "Lete mutu wa mulima aseme anamujua. Lori inaondoka saa kumi."

Kaka zangu wasingethubutu kutoka nje. Nikapanda mlima mwenyewe.

Nilibisha milango sita. Miwili haikufunguliwa. Kwenye wa tatu mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo alinitazama toka juu hadi chini, akawaita wenzake: "Ehe! Mukuje muone! Leo Muswahili iko na kiu!" Wakacheka.

Wa nne na wa tano walinijibu kwa adabu. Jibu lilikuwa lile lile.

Bukuru nilimwacha wa mwisho kwa sababu ya aibu. Nilimkuta amekaa mlangoni, mikono myekundu kwa mawese.

"Amahoro, mzee."

"Amahoro, mukobwa." Yaani, amani, binti. "Kopo yangu ingali ku musumari?"

Nikamweleza habari ya baba na lori.

Akafuta mikono kwa majani. "Baba yako alinishonea koti. Haijaniua bado. Tuende."

Tulifika saa tisa na nusu. Shefu alimwuliza kwa Kirundi: "Mwarasangiye?" Yaani, mmewahi kula na kunywa pamoja? Kule hilo ndilo swali. Mtu ambaye hujashiriki naye chungu humjui.

Nyuma yetu walisimama wanaume wa mlima ule ule, waliokuwepo kwenye harusi. Kudanganya mbele yao, siku zile, ilikuwa kuweka shingo yako mezani.

Bukuru akatazama chini. "Nilimupa umuheha, akakataa. Lakini yeye alinipa maji. Mara mingi."

"Kwa kikombe yake?"

Bukuru akanitupia jicho. Shefu akanigeukia. "Wewe, mutoto wake. Kwa kikombe yenu?"

"Ndiyo," nikasema.

Mmoja wa wale wanaume akaangua kicheko. "Wacha bongo, wacha uwongo wewe! Kopo ya ku musumari, nani haijue? Huyu mwenyewe anaisugua na majivu kama imelambwa na mbwa!"

Walicheka wote. Shefu pia alicheka, akaandika kitu. "Basi hakuna anayemujua."

Saa kumi kamili lori liliondoka. Baba alikuwa nyuma kabisa, kamba za viatu hazijafungwa. Aliniambia, "Funika cherehani, mvua inakuja."

Hakurudi. Kaburi hatuna.

Tulivuka kwenda Kigoma wiki hiyo hiyo. Hili linalofuata nililisikia tu: kabla kiangazi hakijaisha, Bukuru naye alichukuliwa. Yeye alikuwa amekunywa na mlima mzima. Hakuna aliyemwuliza amekunywa na nani.

Kwa hiyo wakuu, msiniambie kwamba baba angenusurika kwa mrija. Sijui. Nimelipima jambo hili miaka yote hii na bado sijui.

Miaka mingi baadaye, hapa Kigoma, mzee mmoja mkimbizi wa kutoka mlima ule aliniambia: "Angeushika tu, akampa jirani. Wagonjwa wanafanya hivyo. Nani anaangalia koo la mtu?"

Tuliishi nao miaka yote hiyo na hilo hatukulijua. Hatukuuliza, kwa sababu tulidhani tunawajua tayari. Nao vivyo hivyo.

Nilichojifunza ni hiki. Wale watu wanne hawakuleta chuki kibarazani kwetu. Waliikuta inaning'inia, imesuguliwa, inang'aa. Mimi sikumwua mtu. Nilisugua kopo.

Sasa nawauliza ninyi mliocheka juzi: nyumbani kwako, kikombe cha dada wa kazi kiko wapi? Sahani ya mlinzi je? Nijibuni hapa chini, hata kwa kunipinga. Nitasoma yote.

Kopo lile baba alilinunua sokoni Rumonge, ili kikombe chetu cha enameli kisichafuke. Nilikuwepo akilipa.

Faranga kumi na mbili.