Gari la Nicodemo Halisimami Bondeni

Nikisema Nicodemo alikuwa mwendawazimu nitakuwa namwonea, maana mwendawazimu huchoka akalala. Nicodemo hakuchoka. Tangu alipoingiwa na wazo la kubana mafuta, aliamka nalo, akala nalo, na Jumapili akaenda nalo kanisani.

Alikuwa mtu wa Bashay, mrefu, mpole, hajaoa na umri unakwenda, na mali yake kubwa ilikuwa pikapu. Aliipata baada ya biashara kufanywa huria, magari yaliyochoka yalipoanza kumiminika kutoka ng'ambo na kila aliyeuza ng'ombe wake akajiona ana kampuni ya usafirishaji. Kwa miaka kadhaa alikula vizuri. Halafu mkoa ukakatwa. Tulilala watu wa Arusha tukaamka watu wa Manyara, na wengine wetu tulitegemea petroli ingeona aibu kidogo mbele ya mkoa mpya. Haikuona. Ilipanda, ikapanda tena, na Nicodemo akatangaza vita.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa abiria wake wa kudumu. Naitwa mama Hajira, nanunua vitunguu saumu Bashay napeleka sokoni Mbulu, na mgongo wangu hadi leo unaikumbuka ile pikapu.

Alianza na uzito. Kila kisichokuwa injini alikitilia shaka. Alifungua mlango wa nyuma wa bodi akaupeleka nyumbani, mama yake akawa anaanikia mahindi. Akang'oa bampa, tairi la akiba, kiti cha abiria, na honi pia, kwa kuwa, alisema, mdomo anao. Saiti mira alizitoa kwa sababu zinashika upepo. Nikamuuliza sasa atajuaje kilichoko nyuma. Akanijibu, "Mama Hajira, kule nyuma si tumeshatoka?" Matairi aliyajaza upepo mpaka gari likawa linarukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Mwisho akaanza kuendesha peku, eti kiatu kinaufanya mguu kuwa mzito kwenye mafuta.

Abiria nasi tulikuwa uzito. Kabla ya kupanda ulikung'uta tope la mabuti, na masika tope la Mbulu halikung'utiki. Uliulizwa, kwa heshima zote, kama umeshakwenda chooni. Kwenye mlima sote tuliinama mbele ili tulisaidie gari. Mimi, mama mzima, nainama kama niko kwenye palizi, na moyoni namtukana.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kwenye mwendo. Barabara ile ni kupanda na kushuka. Nicodemo akifika juu ya kilima anazima injini kabisa, anaweka gia huru, tunateremka kimya. Chini bondeni anaachia klachi, injini inashtuka na kuwaka, na ule mwendo wa mteremko unatupandisha nusu ya mlima unaofuata bila kudai petroli. Ukigusa breki, mwendo wote huo umepotea. Basi hakugusa. Watu walipanda na kushuka gari likitembea. Na kwa vile siku hizi mteremko ndio uliowasha injini, akaona stata haina kazi, akaing'oa nayo; tangu hapo kila alipoegesha, aliegesha kwenye mteremko.

Hapo ndipo alipogongana na shikamoo.

Kwetu humpiti mzee kama unapita kichaka. Unasimama, unatoa shikamoo, unangoja marahaba, unaulizwa ng'ombe, mvua na mgonjwa wa nyumbani, ndipo unakwenda zako. Nicodemo alilelewa vizuri, kutosalimia hakuweza. Kusimama nako hakuweza. Akawa anatoa kichwa dirishani, "Shikamoo mzeee!" na mzee akifungua kinywa aitikie, gari limeshakata kona. Marahaba za watu zikawa zinabaki barabarani. Wazee walikasirika. Hata gari lenyewe, walisema, linakuja kimya kama fisi.

Akapata dawa, na dawa ilikuwa mimi. Nikae nyuma kabisa, pale palipokuwa na mlango, miguu ikining'inia. Yeye atoe shikamoo mbele, mimi nipokee marahaba nyuma. Kwa kazi hiyo nitasafiri bure. Nilikubali, na msinicheke, hata nyinyi mngekubali.

"Shikamoo mzee Clement!" anapaza yeye.

"Marahaba! Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo!" naitikia mimi, wala sijui ng'ombe gani.

Tukifika stendi ya Mbulu namkabidhi. "Marahaba ya mzee Clement. Marahaba ya bibi Sara, anauliza mguu wa mama yako." Nicodemo anapokea kila moja kwa kuinamisha kichwa, mkono kifuani, watu wa mabasi wanatukodolea macho. Tulionekana vituko, lakini wazee walitulia.

Wote isipokuwa mzee Marko. Mji wake ulikuwa bondeni, hatua chache kabla ya kidaraja, mahali ambapo gari limejaa mwendo na mlima mkali kuliko yote unasubiri mbele. Shikamoo ya Nicodemo ikifika pale, mimi nimetega masikio, mzee anafumba mdomo. Siku moja nilimfuata kwa miguu kumsihi.

"Mama," akaniambia, "mimi huyo namsikia akija, namsikia akienda. Sijamsikia akiwa hapa. Sasa marahaba nimpe nani?"

Angekuwa mzee mwingine tungemwacha na hasira zake. Lakini mzee Marko alikuwa baba yake Jenifa, na Jenifa ndiye Nicodemo aliyekuwa akimpenda. Tena alimpenda vibaya. Tukikaribia lile bonde anaanza kutengeneza kola ya shati, miguu peku. Asipompata Jenifa, aliniambia, petroli yote hii anambania nani?

Posa nayo niliisikia kwa masikio yangu. Jenifa alikuwa kando ya barabara na ndoo ya maji kichwani, sisi tunateremka kimya. Nicodemo akatoa kichwa. "Jenifa! Nataka nikuoe! Unasemaje?" Na akapita. Nikabaki mimi huku nyuma, nimetazamana na binti wa watu, nimekaa tayari kupokea.

Jenifa alitua ndoo akatufuata mbiombio. "Shikamoo mama Hajira."

"Marahaba mwanangu. Haya, sema upesi!"

"Jibu hilo siwezi kukupa wewe. Ukilipokea wewe, utaolewa wewe. Aje alichukue mwenyewe."

Tulipofika stendi nilimfikishia neno kwa neno. Nicodemo alikaa kwenye boneti.

"Pale bondeni?" aliuliza.

"Pale pale bondeni."

"Nikisimama pale sitoki, mama Hajira. Stata sina."

"Si uirudishe!"

"Ina uzito," alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, sitanii. Nilimhurumia sana, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao.

Haikupita muda tukasikia kuna kijana wa Dongobesh, anaitwa Michael, ameanza kufika kwa mzee Marko. Ana baiskeli. Baiskeli, jamani, haili petroli hata tone, na inasimama popote. Nicodemo alipoambiwa hivyo alinyong'onyea, nadhani zaidi kwa hilo la petroli.

Siku ya soko tukateremka lile bonde tumejaa pomoni, injini imezimwa, na baiskeli ile tukaiona imeegemezwa kwenye ua wa mzee Marko. Nilijiandaa kwa shikamoo. Haikutoka. Badala yake Nicodemo alikanyaga breki. Injini ikizimwa breki inakuwa ngumu kama kisiki, kwa hiyo aliisimamia kwa miguu yote miwili, makalio hewani, akilia "Simama! Simama!" kama anaswaga maksai. Magunia yakateleza mbele, abiria wakafuata magunia, nami nikafuata abiria mpaka nikabamizwa kwenye kioo cha nyuma ya dereva. Na gari likasimama. Kidaraja kile pale, mlima ule pale, na sisi tumetulia tuli.

Nicodemo alishuka peku, akaenda hadi alipokaa mzee Marko na mgeni wake wakinywa uji.

"Shikamoo baba." Akangoja.

Mzee alimtazama miguu, akamtazama kola, wala hakuwa na haraka. "Marahaba," alisema. "Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe, baba. Niliwauza nikanunua hili gari."

"Mama hajambo?"

"Mguu haujapona. Ananificha, lakini namwona anavyoshika ukuta akitembea."

Mimi nilikuwa nimeshawaambia wazee wa barabara nzima kwamba mama hajambo na ng'ombe wamezaa. Nikajizamisha zangu kwenye magunia.

Jenifa akatoka ndani, anajifuta mikono kwenye kanga. "Zima gari basi tuongee," alisema.

"Limezimwa tangu kule juu."

"Na utaondokaje?"

"Siondoki," alisema Nicodemo. Nilimsikia vizuri. Hakulalamika.

Jenifa alimtazama mpaka mimi nikaona haya. "Basi nimekubali," akasema, na akamwambia yeye mwenyewe, machoni, bila kupitia kwa mtu.

Nililia kwa sauti, nikiwa nimelaliwa na gunia. Michael, kijana mwenye adabu, alimaliza uji wake, akaaga wote, akachukua baiskeli yake, na kwa muda mrefu tulimsikia akihema kwenye ule mlima. Mzee Marko alizunguka pikapu polepole, akaitazama palipokosa mlango, palipokosa bampa, akainama akachungulia chini ya injini.

"Mambo ya mahari tutakaa na wazee wako," alisema. "Lakini kwanza stata irudi. Binti yangu hasukumi gari."

Nicodemo akafikiri. Wallahi alifikiri, watu wote tunamtazama, mimi nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamwangalia Jenifa, akashusha pumzi.

"Itarudi, baba," alisema.