Chembe Saba za Wifi

Kule maabara walimwita Mama Vioo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikata vinyama vya wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuvilaza kwenye vioo ili daktari avisome kwa darubini. Safari hii kinyama kilitolewa kwa sindano kwenye titi la wifi yake.

Picha ya eksirei ilikuwa imeonyesha chembe saba za chokaa ndani ya titi, na chembe kama hizo huweza kuwa dalili ya saratani. Kwenye vioo haikuonekana hata moja.

"Saratani sioni," daktari alisema, "lakini na chokaa sioni. Basi tumesoma sehemu nyingine. Chembe ziko wapi?"

Mama Vioo akakipeleka eksirei kipande cha nta, ambamo kinyama hugandishwa kabla ya kukatwa, chenye nyama iliyobaki. Nacho hakikuwa na chembe hata moja! Juzi, akisawazisha nta kwa pupa, alikuwa ameizungusha mashine ya kukatia kupita kiasi, ikala hadi ndani ya nyama. Chembe zilikwenda na mabaki ya kutupwa, na mabaki yalishachomwa.

Wifi alikuwa akimngoja koridoni, meno yote nje.

"Wifi, mbona umenuna kama umeibiwa mume? Nesi kaniambia hamjaona saratani! Nimeshampigia mama, analia kwa furaha."

"Kaa kwanza, wifi."

"Nikae nini? Mimi nataka kucheza!"

"Tulichosoma sicho. Chenyewe nimekikata nikakitupa. Hatujui kama unayo au huna. Itabidi wakutoboe tena."

Wifi akakaa. Simu yake ikaita, alikuwa mama. Hakuna aliyeipokea.